Gari ya haibridi ya batani: namna ya kuizima, kuifunga na kuulaza ufunguo, isije ikaondoka kimya kimya

Masuali kuhusu hizi gari za haibridi, zinazokwenda kwa petroli na umeme na kuwashwa kwa batani bila kuchomeka ufunguo, yaani Aqua, Prius, Fit na wenzao, ni yale yale. "Nimeufunga ufunguo kwa foili na mlango bado unafunguka." "Nimeshuka, ufunguo uko mfukoni, natoka msikitini nakuta gari inawaka." "Nimeuficha juu ya tairi nikenda kuogelea, narudi mlango wazi." Watu wanajitahidi lakini wanakwama pale pale, kwa hivyo hapa tunakwenda hatua moja moja, na kila hatua nakwambia kwa nini unafanya na utajuaje kama imekaa sawa.

Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa njiani kuanzia Kiembesamaki Unguja mpaka Konde Pemba. Gari za kampuni nyengine taratibu zake hazipishani sana, ukiona tofauti fuata kitabu cha gari yako, kama unacho na kama kinasomeka, maana nyingi zimeteremka na kitabu cha Kijapani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Funguo zote ulizonazo, wa kila siku na wa akiba
- Betri mpya ya ufunguo. Nyingi ni CR1632 au CR2032, fungua utazame namba iliyoandikwa mgongoni mwa betri ya zamani kabla hujenda dukani
- Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, la biskuti au la maziwa ya unga, au ule mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi
- Foili ya jikoni, kama huna budi
- Chuma cha kufungia stelingi
- Mtu wa pili wa kukusaidia majaribio
- Nusu saa ya mchana, vioo vya gari vyote vimeteremshwa

Hilo la vioo usilidharau. Kuna majaribio utauweka ufunguo ndani ya gari, na gari ikijiloki na ufunguo umo ndani ya kopo, hiyo siku yako imeshaharibika.

## Tundu liko wapi hasa

Mchezo wenyewe ni hivi. Ukigusa kishikio cha mlango, gari inatoa wimbi dogo la masafa ya chini, kiasi cha kilohezi 134, linalofika karibu tu, kwa Toyota nyingi ni kama sentimita 70 kutoka kwenye kishikio. Ufunguo ukilisikia unaamka na kujibu kwa wimbi jengine la masafa ya juu. Gari ikipata jibu sahihi inafungua. Sasa angalia hapo: gari haipimi ufunguo uko umbali gani, inachojua ni kuwa jibu limekuja, basi inaamini mwenyewe yupo.

Wezi wa Ulaya ndipo walipopata njia. Mmoja anasimama na kifaa karibu na gari, mwenzake anapita na kifaa cha pili karibu na dirisha la nyumba, vile vifaa vinapokezana mawimbi, gari inadhani ufunguo uko pale mlangoni na kumbe umelala juu ya friji. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich cha Uswisi walijaribu aina 10 za gari kutoka kwa watengenezaji 8 na njia hiyo ilifanya kazi kwa zote. Code za siri hazikuvunjwa hata moja, mawimbi yamerefushwa tu.

Hilo ni tundu la kwanza. La pili ni ukimya. Gari ya petroli ikiwashwa chini ya dirisha saa nane ya usiku utaamka, japo utainua kichwa. Haibridi inatoka kwa umeme, na betri yake kubwa ikiwa na chaji inaweza kwenda masafa mazuri tu bila injini kuwaka, mpaka injini inaanza kunguruma mwizi keshatoka mtaani kwenu. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote kwa hapa kwetu, ni kwamba gari ikishawaka haihitaji ufunguo tena. Ukishuka nao ukenda zako, gari inalia kidogo, halafu inaendelea kuwaka.

Najua kuna watakaosema Unguja kisiwa, gari itakwenda wapi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na vichaka vyake. Na mtu hahitaji kuitorosha gari nzima: betri, vioo vya ubavuni, redio na simu uliyoiacha kwenye kidroo vinabebeka kwa baskeli.

## Hatua ya 1: Izime kweli

Hapa ndipo watu wanapofeli zaidi kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Fanya kwa mpangilio huu, usibadilishe:

1. Simama kabisa, mguu kwenye breki.
2. Tia P. Vuta breki ya mkono, au kanyaga ile ya mguuni kama yako ndiyo hiyo.
3. Bonyeza batani ya kuwashia mara moja, kwa kituo, uiachie.
4. Tazama dashibodi. Neno READY, ndilo linaloonyesha gari inawaka, liwe limeondoka na dashibodi iwe imezima.
5. Ndio sasa fungua mkanda, fungua mlango, shuka.

Kwa nini P kwanza? Kwa sababu kwenye Toyota zenye gia ya kuvuta kama Aqua, ukibonyeza batani gia ikiwa bado D au N gari haizimi kabisa, inabaki nusu, redio inacheza na umeme mdogo unaendelea kuliwa. Na kwa nini mkanda uwe wa mwisho? Kwa sababu mkono uliozoea kufungua mkanda ndio unaokutoa garini, sasa ukiuweka nyuma ya batani huwezi kushuka bila kupitia kwenye batani. Kaa nayo wiki moja, mkono utazoea wenyewe.

Usibonyeze mara mbili. Watu wengi wanabonyeza, hawasikii kitu kwa sababu gari ilikuwa kimya tangu mwanzo, wanahisi haijashika, wanabonyeza tena. Ile ya kwanza imezima, ya pili imeirudisha umeme wa redio. Baadhi ya Toyota zinajizima zenyewe baada ya dakika kama 20 zikiachwa hivyo, lakini usitegemee, ukija asubuhi betri ndogo imekufa na gari haiwaki, na kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu hiyo betri iko nyuma kwenye buti, Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, sio mbele kwenye boneti unapozoea wewe. Na kule kujizima kwenyewe ni kwa redio na taa tu, gari iliyo READY haihusiki.

Kelele zake ni za kusikilizwa. Ukifungua mlango na kutoka na ufunguo huku iko READY, gari inapiga mlio ndani na nje na kuandika onyo kwenye dashibodi. Tabu ni kuwa onyo lenyewe limeandikwa Kijapani, na sisi tumeshazoea kuwa gari hizi zinasema sema. Yule bibi anayezungumza kila ukiwasha, mara nyingi ni kile kifaa cha kulipia barabara za kule Japan kinadai kadi yake, huyo hana maana kwako, mng'oe ukipenda. Ila milio ya mlangoni ni mambo mengine. Ukisikia mlio wowote ukishashuka, rudi utazame READY.

Na kwa nini watengenezaji hawakuifanya ijizime ufunguo ukiondoka? Kwa sababu betri ya ufunguo inaweza kufa uko katikati ya njia ya Fumba na lori liko nyuma yako, gari ikizima hapo ni maafa. Kwa hivyo waliamua iendelee. Tafsiri yake kwako ni kuwa mtu yeyote atakayekaa kwenye kiti anaweza kuiondoa mpaka mafuta yaishe. Akiizima tu, hawezi kuiwasha tena, kwa sababu ufunguo unao wewe. Likumbuke hilo, litatufaa mwisho.

Hali mbili za kuangalia sana. Ya kwanza ni "nakuja sasa hivi": umepaki Darajani unakwenda kununua samaki, umewaacha watoto ndani na kipupwe. Kwa mtoto gari iliyo READY ni sawa na gari iliyozima, haoni tofauti, atapanda kiti cha mbele, mguu ukigusa breki na mkono ukivuta gia, gari inatembea. Mkubwa mwenye leseni abaki ndani, au zima gari na watoto mshuke nao wote.

Ya pili ni gereji za ndani, hizi nyumba za Mbweni na Chukwani zenye geti na chumba cha gari. Ukiiacha READY ndani ya chumba kilichofungwa, injini itajiwasha yenyewe kila betri kubwa ikishuka, na moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka. Marekani watu wamekufa hivyo, gari kimya gerejini na wao wamelala juu, mpaka mwaka 2019 Toyota wakatangaza kuwa gari zao nyingi za huko za modeli ya 2020 zitajizima zenyewe baada ya muda. Zetu hizi nyingi ni za kabla ya hapo.

*Imefaulu kama:* dashibodi imezima, umefungua mlango hukusikia mlio wowote, ukibonyeza rimoti ya kufunga gari inakubali. Ikiwa bado READY haitakubali, itakulilia.

## Hatua ya 2: Funga, halafu hakikisha kwa mlango wa nyuma

Gusa kishikio au bonyeza rimoti ukiwa bado uko karibu, usibonyeze huku umeshawapa mgongo. Toyota inamulika indiketa mara moja ikifunga na mara mbili ikifungua. Ihesabu. Kuna vifaa vya kuvuruga mawimbi, mtu anakaa navyo maegeshoni, wewe unabonyeza gari haisikii, unakwenda zako na milango wazi.

Sasa hapa kuna mtego. Watu wanahakikisha kwa kuvuta kishikio cha dereva huku ufunguo uko mfukoni, na mlango unafunguka, halafu wanasema gari mbovu. Si mbovu, imekutambua wewe mwenye ufunguo. Vuta mlango wa nyuma. Kwenye Toyota nyingi za aina hizi vishikio vya nyuma havina kihisio, kwa hivyo vitakupa jibu la kweli.

*Imefaulu kama:* indiketa imemulika mara moja, mlango wa nyuma haufunguki, na kama gari yako ina vioo vinavyojikunja basi vimejikunja.

## Hatua ya 3: Pima ufunguo wako unasikika mpaka wapi

Paki gari pale pale unapoilaza usiku na uifunge. Mwenzako auchukue ufunguo aende nao pale unapoutundika kila siku, wewe kaa kwenye gari uguse kishikio cha mlango ulio karibu na nyumba.

Nyumba zetu nyingi gari inalala imeegemea ukuta, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango huo huo. Ukipima utakuta kati ya ufunguo na kishikio hapafiki hata mita moja, na lile wimbi la masafa ya chini linapita ukuta wa matofali na mlango wa mbao bila taabu. Hapo hapahitajiki mwizi wa vifaa, mpita njia yeyote akigusa kishikio kinafunguka.

Uhamishe ufunguo uingie ndani zaidi, chumba cha nyuma, mita tano na kuendelea kutoka kwenye gari, mbali na dirisha la barabarani. Rudia jaribio kwa milango yote miwili ya mbele na buti.

*Imefaulu kama:* umegusa vishikio vyote na gari imekaa kimya. Lakini hapa tumemzuia mpita njia tu. Mwenye vifaa vya kurefusha mawimbi bado, ndio tunaingia hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Kopo, na kwa nini foili yako haikufanya kazi

Chukua kopo la bati, weka kitambaa ndani ili ufunguo usigonge gonge, tia ufunguo, funika mpaka kifuniko kibane. Bati la chuma linauzingira ufunguo pande zote, wimbi la gari haliingii na jibu la ufunguo halitoki. Yatosha kuzuia moja kati ya hayo mawili, kopo zuri linazuia yote.

Foili inafeli kwa sababu mbili. Kwanza ni nyembamba sana, na yale mawimbi ya masafa ya chini ni magumu kuyazuia kuliko ya juu, kwa hivyo mzunguko mmoja hautoshi. Pili ni pembeni: unaukunja kama unavyokunja sambusa lakini hukuibana ile midomo, pakiachwa mwanya ufunguo unasikia. Ukiwa huna kopo, zungusha foili mara nne au tano, kila mzunguko uukunje midomo yake pande tofauti, na ujue ukiifungua na kuifunga siku chache itachanika na itabidi uanze upya. Mimi naona ni kujisumbua, kopo la biskuti liko kila nyumba.

Mifuko ya kuzuia mawimbi inafanya kazi ikiwa mipya, lakini kile kitambaa chake cha ndani kina nyuzi za chuma zinazokatika pale pale unapokunja kila siku. Na mengine yanayouzwa ni mifuko ya kawaida tu imepigwa nembo. Ndio maana jaribio ni muhimu kuliko bei.

Jaribio lenyewe, mara mbili:

La kwanza, vioo viko chini, gari imefungwa, shika kopo lenye ufunguo mkononi na uliegemeze kabisa kwenye mlango wa dereva, gusa kishikio. Usifanye kwa mbali, karibu ndipo pagumu. Ikifunguka, kopo halifai.

La pili ni kali zaidi. Kaa ndani na kopo, liweke kwenye kiti cha pembeni, kanyaga breki, bonyeza batani. Ndani ya gari kuna antena nyengine zinazoutafuta ufunguo, na kopo likiweza kuuficha ufunguo kwa hizo basi usiku utalala.

*Imefaulu kama:* mlango umekataa, na ndani gari imekulalamikia kuwa haioni ufunguo na READY haikuwaka. Rudia kila baada ya muda, hasa kama ni mfuko.

Maonyo: usiutie kwenye maikrowevu, atakuja mtu kupasha biriani na ufunguo umo. Usiutie kwenye friji, unyevu utakula betri na sakiti. Na waambie watu wa nyumbani kopo gani ni la ufunguo, lisije likatupwa au likapelekwa skuli na mtoto.

## Hatua ya 5: Ulaze ufunguo

Hii ni bure na wengi hawaijui. Funguo nyingi za Toyota zina hali ya kuokoa betri, na ikiwa imewashwa ufunguo hausikilizi gari kabisa, kwa hivyo hakuna cha kurefusha.

Shikilia batani ya kufunga bila kuiachia, huku umeishikilia bonyeza batani ya kufungua mara mbili. Kile kitaa kidogo kwenye ufunguo kimulike mara nne. Basi, umelala. Asubuhi ukibonyeza batani yoyote unaamka.

Kisipomulika mara nne, huenda ufunguo wako hauna hiyo hali, au betri yake imechoka, badilisha betri ujaribu tena kabla hujakata tamaa. Ukishaulaza gusa kishikio huku unao mkononi. Mlango ukikataa, umefaulu. Prius zile za zamani kidogo, kizazi cha pili, nyingi zina swichi ya kuzima mfumo huu iliyojificha chini ya stelingi, ipapase utaiona.

Kati ya kopo na kulaza, chagua lile utakaloweza kulifanya kila siku bila kusahau. Ukiweza yote mawili, heri.

## Hatua ya 6: Ufunguo wa akiba, na funguo za watu wengine

Ufunguo wa akiba unaokaa kabatini ni mdomo wazi usiku na mchana, nao unajibu kama mwenzake. Toa betri yake. Ufunguo usio na betri hauwezi kujibu kwa mbali, lakini bado unawasha gari ukigusishwa, kwa sababu ndani una kijipande kinachopata umeme kutoka kwenye gari yenyewe kwa umbali wa kidole.

Jifunze kuutumia hivyo leo, sio siku ya dharura. Chomoa ile funguo ya chuma iliyojificha ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva kwayo, kaa, kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo kwenye batani mpaka usikie mlio, halafu papo hapo bonyeza batani. READY ikiwaka, umefaulu, na siku betri ikikufia Jambiani huhitaji kumpigia mtu simu.

Halafu funguo za watu. Gari nyingi zinakuja na ufunguo mmoja, au umenunua kwa mtu hapa hapa akakupa mmoja akakwambia wa pili umepotea. Huenda kweli. Nenda kwa fundi mwenye kompyuta ya Toyota, akuonyeshe zimesajiliwa funguo ngapi na afute ambazo huna mkononi. Nenda na funguo zako zote, na ukae pale pale mpaka amalize. Usisubiri mpaka uupoteze huo mmoja uliobaki, kwani kuongeza ufunguo ukiwa unao mmoja ni kazi ndogo, ukiwa huna hata mmoja ni shughuli nzito na bei yake haina huruma.

## Hatua ya 7: Vya kuongezea

Chuma cha stelingi. Hakina umeme, hakina mawimbi, na mwizi aliyekuja na vifaa vya maana hakuja na msumeno. Kinaonekana kupitia kiooni, na hiyo ndiyo nusu ya kazi yake.

Soketi ya kompyuta. Iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ndiyo fundi anayochomeka, na mwizi akishaingia ndani anaweza kujisajilia ufunguo mpya kupitia hapo. Kuna vifuniko vya chuma vyenye kufuli, au mwambie fundi aihamishe pahala pengine.

Kifaa cha kufuatilia. Cha laini ya simu, kifichwe mbali na redio, na laini uitie salio maana kikiwa kimya siku ya haja hakikusaidii kitu.

Swichi ya siri. Inafaa ikiwekwa na fundi anayejua haibridi. Sharti iwe kwenye umeme mdogo wa volti 12 na isiguse waya wa taa za breki. Waya wa rangi ya chungwa, ndio wa umeme mkubwa, hauguswi na mtu. Aqua ya kizazi cha kwanza betri yake kubwa ni volti 144, Prius ya kizazi cha tatu ni 201.6, na kabla ya kufika kwenye mota umeme huo unapandishwa zaidi ya 500. Fundi akianza kupapasa waya wa chungwa akitafuta "moto", mwambie ahsante, chukua gari yako uondoke.

## Ukenda baharini

Nungwi, Paje, Vumawimbi, popote. Ufunguo wa umeme ukiingia maji ya chumvi umekufa, kwa hivyo watu wanauficha juu ya tairi au chini ya bampa. Zamani ilifaa. Kwa gari hizi ufunguo ulio juu ya tairi uko karibu na kishikio, na mtoto yeyote akigusa mlango unafunguka, na akikaa ndani huenda hata ikawaka.

Fanya hivi: chomoa ile funguo ya chuma, rimoti itie kwenye kopo ulilokwisha kulijaribu hatua ya 4, kopo lifiche ndani ya gari pasipoonekana, shuka, funga milango na umalizie kwa funguo ya chuma kwenye mlango wa dereva. Vuta milango yote minne na buti, baadhi ya gari chuma hakifungi yote kwa pamoja. Funguo ya chuma ifunge kwenye kamba shingoni, ukitoka majini isuuze kwa maji baridi. Jaribio la kwanza lifanye nyumbani vioo vikiwa chini, sio ufukweni. Na kama gari yako imefungwa king'ora, ukifungua kwa chuma kinaweza kulia mpaka uutoe ufunguo kwenye kopo, usibabaike.

## Ikiwa imeshaondoka

Piga 112 au kimbilia kituo cha polisi kilicho karibu, usiifukuze mwenyewe. Toa namba ya gari, namba ya chesisi, rangi, na alama yoyote ya pekee, hizo ziweke kwenye simu tangu leo pamoja na picha ya kadi ya gari. Mwambie sheha, na wapigie madereva wa daladala na teksi unaowajua, hao wako njiani saa zote.

Jambo la kumwambia askari mwanzo kabisa: iliondoka ikiwa inawaka, au ilikuwa imefungwa? Kama iliondoka inawaka na funguo zote unazo wewe, aliyeichukua akiizima tu hawezi kuiwasha tena, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa imeachwa mahali, kwenye uchochoro au shamba, pengine si mbali. Tafuteni gari iliyosimama, sio inayokwenda, na ukipita karibu karibu bonyeza batani ya kufunga uangalie indiketa ipi itamulika. Kama ilikuwa imefungwa na funguo unazo, basi ujue kuna ufunguo mwengine au kuna vifaa, na gari inaweza kuwa bado inatembea, hapo waombe wapige simu haraka bandari ya Malindi na Mkoani.

Ikipatikana usiiendeshe kama kawaida siku ile ile. Itazamwe chini na ndani, fundi asome tena idadi ya funguo zilizosajiliwa, afute zote isipokuwa zako, ndipo uirudishe njiani.